Safu ya Wengineo

Saa kumi na moja alfajiri, Vingunguti.
Machinjioni wameshaosha sakafu mara ya kwanza,
na gari la majitaka linaingia getini kinyumenyume
likilia pi pi pi kama kifaranga kilichopotelewa na mama.
Nachovya chupa bwawa la kwanza.
Naandika joto. Naandika rangi.
Kwenye harufu naandika "ile ile",
maana Kiswahili changu kiliishia hapo
mwaka wa pili wa kazi.

Daftari nililirithi kwa Mzee Chaurembo
pamoja na buti zake, la kushoto linavuja.
Safu alizipiga kwa rula, wino wa bluu:
walao mafuta,
walao sukari,
wanaotaka hewa, wasioitaka hewa,
mwani.
Na ukingoni kabisa mwa karatasi,
nyembamba, upana wa kucha:
wengineo.

"Hao usijichoshe kuwahesabu," aliniusia.
"Weka alama ya vema, songa mbele."
Miaka sita nimeweka alama ya vema.

Ukitaka kuwaona, funga jicho moja.
Tone moja chini ya hadubini
ni Kariakoo ya kuamkia Idi:
huyu ana mikia,
yule kinywa chake chazunguka kama pangaboi,
yule ni kengele juu ya kikonyo,
ukimmulika anajikunja kama mwali.
Hawajuani majina.
Anachokitema huyu, jirani anakifuturia.

Machi, mvua za kwanza,
likaja gari na stakabadhi safi:
Choo. Nyumba ya wageni. Tabata.
Dereva, Nyagawa, alisaini bila kuzima injini.
Kilichomwagika hakikuwa cha choo.
Kilikuwa chepesi, kimya,
na ukivuta pumzi ulimi unaonja betri.

Siku ya pili mwani ukafa.
Siku ya nne walao sukari,
niliozoea kuwahesabu kwa maelfu,
wakawa kumi, wakawa sifuri,
na harufu ikapanda ukuta,
ikaingia msikitini, ikaingia kwa muuza supu,
ikanifuata nyumbani ndani ya nywele.
Siku ya tisa bwawa likawa zambarau.

Injinia Kasitu akashika kiuno.
"Sumu ile. Tumwage, tuanze upya.
Kuna unga wa bakteria, wa nje,
aina moja tu lakini shupavu,
bei yake pikipiki tatu."
Akajaza fomu.
Fomu ikakaa mezani kwa mtu, mjini,
siku kumi na tisa.

Mimi nikafunga jicho moja.

Zambarau haikuwa sumu.
Zambarau ilikuwa inaogelea.
Vijidudu mviringo, chembe za salfa zikimeta matumboni
kama vibarua waliomeza mchanga wanaouhamisha,
wakiula uvundo wenyewe,
ule ule nisioujulia neno.
Nikarudi nyuma kurasa kwa kurasa, mwaka kwa mwaka,
nikitafuta walikotokea.
Hawakutokea popote.
Walikuwa vema.
Vema. Vema.
Upana wa kucha.

Wiki ya tatu harufu ikalegea.
Ukijani ukarejea kwenye pembe ya kaskazini,
lakini si mwani ule wa zamani, mwingine, mrefu mrefu,
niliyepata kumwona mara mbili tu tangu niajiriwe.
Kazi ile ile, mikono mingine.
Muuza supu akafungua dirisha lake la nyuma.
Fomu iliporudi imegongwa muhuri
Kasitu aliitazama, akalitazama bwawa,
akaitia drooni bila kusema kitu,
na mimi pia sikusema.

Leo nimechukua rula na kalamu yangu nyeusi.
Safu ya wengineo nimeipanua
imekula ukurasa wa pili,
na bado kuna mmoja, sasa hivi,
mwembamba kama mkato wa kalamu,
anakatiza upande wa kulia wa kioo.
Simjui.

Nje gari linalia pi pi pi.
Namwekea nafasi.